Kigae hakifi motoni: nilivyofinyanga vigae vya jiko langu Bagamoyo

Kila anayeingia jikoni kwangu huuliza vigae vile nilivinunua wapi. Nikimwambia nimevifinyanga mwenyewe uani, swali la pili huwa lile lile: na kuchoma je, si ndiyo kazi yenyewe? Hapana. Moto unatisha kwa sababu unaonekana. Vigae vyangu vingi vilikufa kimyakimya chini ya mwembe, kabla ya kuona hata kijiti cha kiberiti, na vilichokufa nacho ni kukauka. Ukiwa na haraka, ruka mengine yote usome sehemu ya kukausha.

Nilitaka kufunika ukuta wa nyuma ya sinki na jiko la gesi, mita 2.4 kwa sentimita 60. Kwa vigae vya sentimita 15 hiyo ni safu nne za vigae 16, jumla 64. Nitalisema mapema ili nisimponze mtu: vya dukani ni rahisi zaidi. Anayekuambia kufinyanga nyumbani ni kubana matumizi hajawahi kununua kuni. Mimi nilitaka nakshi. Nilitaka yungiyungi, mnyororo na samaki, zile zile zilizochongwa kwenye milango ya zamani ya Unguja na ya mji wetu. Halafu nilikuwa nimetembelea makaburi ya nguzo ya Kunduchi, ambayo walioyajenga waliyapamba kwa sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Nikajisemea, watu wa pwani hii wamekuwa wakipachika vyombo vya udongo ukutani tangu enzi hizo, mimi nani nishindwe.

Nilianza na udongo ulio karibu, kama anavyoanza kila mtu. Wa kwanza ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, kutoka pembeni ya mashamba ya mpunga. Unanata vizuri, ukiuviringisha kama kamba unapinda bila kukatika, na mikononi unakupa matumaini makubwa. Shida yake ni kwamba hunywa maji mengi ukavimba, na ukikauka hunywea kupita kiasi. Ndio ule ule unaoacha nyufa ardhini wakati wa kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama. Vigae vikapasuka vivyo hivyo, kutoka kona hadi kona.

Wa pili niliuchimba karibu na ufuko, na huu ndio ulioniumiza roho, maana ulinidanganya hadi mwisho. Vigae vilikauka vizuri, vikachomeka vizuri, vikatoka vyekundu, ukigonga vinalia. Nikavipanga barazani nivitazame. Baada ya siku chache nikaanza kusikia vimlio, tak, kimya, tak. Kila kigae kilikuwa kinajirushia kipande kidogo usoni, na katikati ya kila kishimo kuna nukta nyeupe.

Ile nukta ni chokaa. Udongo wa ufukweni umechanganyika na chembe za matumbawe na makombe. Zikipata moto mkali zinageuka chokaa mbichi, jambo lile lile wachoma chokaa wa pwani hulifanya kwa makusudi. Kisha chokaa hiyo inavuta unyevu wa hewani, inavimba, na inasukuma udongo unaoizunguka hadi upasuke. Hakuna dawa ya kigae kilichokwisha kuanza hivyo. Lakini kuna kipimo cha bure kabla hujapoteza nguvu zako: chukua bonge la udongo mkavu, ulikamulie ndimu au ulidondoshee siki. Likitoa mapovu, urudishe udongo ulikoutoa.

Aliyenieleza hayo ni bibi mmoja mfinyanzi kutoka upande wa Kisarawe, ambaye huleta vyungu na vyetezo sokoni. Nilimwamkia, nikamwonyesha kigae kimoja chenye vishimo. Akakigeuza, akacheka.

"Mwanangu, ulikuwa unachoma vigae au unachoma chokaa?"

Nikamwomba aniuzie udongo wake. Alikubali, ila akanionya kwamba udongo anaofinyangia chungu hautanifaa ukiwa peke yake. Chungu ni duara, alisema, kikinywea kinajivuta sawasawa kila upande. Kigae kina kona nne na kila kona ina akili yake. Lazima utiwe chenga. Chenga ni vyungu vilivyovunjika, vikatwangwa na kuchekechwa. Kwa kuwa zimekwisha kuchomwa, hazinywei tena, hivyo zinauzuia udongo usijivute sana na zinafungua vijia vya maji kutokea. Mimi naweka kopo moja la chenga kwa makopo manne ya udongo. Kinu cha jikoni kisitumike kwa kazi hii, maana hata ukikiosha, mchanga utaukuta kwenye kisamvu. Na ukiwa unatwanga, funga kitambaa kizito puani na mdomoni, lowesha chenga kwa maji kidogo, na usifagie vumbi lake likiwa kavu. Vumbi la udongo huharibu mapafu polepole, na aliyezoea huwa hakumbuki.

Kuuandaa udongo nitapita haraka. Uanike ukauke kabisa kwanza, kisha uumwagie maji. Bonge kavu huyeyuka lenyewe, bonge bichi utalihangaikia kutwa. Chuja kwa wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Acha utulie, mwaga maji ya juu, mimina uji uliobaki kwenye foronya kuukuu na uutundike hadi ushikike. Ndipo utie chenga, ukande, uufunge kwenye nailoni na uusahau kwa wiki kadhaa. Udongo uliolala hukunjika vizuri kuliko wa jana.

Kabla ya kukata kigae hata kimoja, tengeneza kipande cha majaribio. Chora juu yake mstari wa sentimita 10 ukiwa bado mbichi, kikaushe, kichome, kisha pima tena. Mstari wangu ulibaki sentimita 9.1. Maana yake kigae cha sentimita 15 lazima nikikate kikiwa na sentimita 16.5. Kila udongo una kipimo chake, kwa hiyo usichukue namba yangu.

Kusukuma ni kama chapati ila mikono inachoka mapema. Nilitumia mti ule ule wa kusukumia chapati na fito mbili za mbao zenye unene wa milimita 12, moja kila upande, ili udongo wote utoke unene mmoja. Sukuma kuanzia katikati kwenda nje, zungusha, geuza, sukuma upande wa pili kwa nguvu ile ile. Ukisukuma upande mmoja tu, upande ule unashikana kuliko wa chini, na kigae kitakunja mgongo baadaye. Kata kwa kufuata kibao ulichokipima. Mimi nilitumia kisu chembamba, na mshipi wa kuvulia kwa ajili ya kubandua udongo mezani.

Sasa sikiliza hili. Udongo una kumbukumbu. Ukiukamata kwa kona ukauinua hata mara moja, ukajipinda, ukaurudisha chini na kuunyoosha, utakaa umenyooka mbele yako. Lakini ukikauka, na tena motoni, unarudi kwenye lile pindo. Kwa hiyo kigae hakiinuliwi kwa mkono. Weka kibao juu yake, kibao chini yake, kamata vyote kama sandwichi na ugeuze kwa pamoja.

Nakshi nilichongewa na fundi wa milango, kwenye kipande cha mninga. Muhuri huchongwa kinyume, kwa hiyo samaki anayetazama kushoto kwenye mti atatazama kulia ukutani. Nyunyiza unga wa muhogo uliochekechwa kwenye muhuri kabla ya kugandamiza. Bila hivyo udongo unang'ang'ania na mapezi yote yanabaki kwenye mti. Nakshi isizame zaidi ya robo ya unene. Mnyororo wangu wa kwanza fundi aliuchonga kina kirefu, ukapendeza sana, na kila kigae kilikatika kwa kufuata mnyororo. Kisha geuza kigae, chanja mgongo kwa uma, mistari ya kwenda na kurudi. Mistari hiyo ndiyo itakayoshika saruji, na pia inasaidia mgongo ukauke pamoja na uso.

Sehemu nyeupe za vigae vyangu ni udongo mweupe wa Pugu, uliokorogwa uwe mzito kama uji wa mgonjwa na kupakwa kwa brashi. Upake kigae kikiwa kimeshika lakini ukucha bado unaacha alama. Ukipaka juu ya kigae kikavu, ule mweupe unanywea peke yake na kubanduka. Rangi za kung'aa za kioo niliziacha. Zinataka tanuri linaloshika joto moja sawasawa, na pipa haliwezi. Wapo wanaojitengenezea za kwao kwa risasi ya betri za gari. Usiziweke kwenye nyumba yenye watoto, na usizichome popote watu wanapopumua. Risasi ni sumu.

Tumefika kwenye kukausha.

Kingo za kigae zinakauka kabla ya katikati, kwa sababu hewa inazipata pande tatu. Zikikauka zinanywea, na katikati bado kumevimba kwa maji. Hapo ama kona zinainuka juu, ama kigae kinapasuka. Chini ya mwembe wangu kuna kivuli kizuri, lakini pia kuna upepo. Kwenye kusi upepo ule uliinua kona za vigae vya ubavu wa mashariki huku vya upande wa pili vikiwa salama, na ilinichukua muda kuelewa kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa ikivikinga vile vingine. Jua sikulitaja kabisa kwa sababu nadhani hata mtoto anajua, ingawa jirani alinishauri mara nyingi nivianike kwenye bati.

Utaratibu nilioufikia ni huu. Nilinunua mbao za jipsamu, zile za dari, nikazikata vipande na kuziba kingo zake kwa gundi ya karatasi zisimwage unga. Jipsamu hunywa maji kupitia uso wote kwa kiasi kimoja, jambo ambalo mbao ya kawaida haifanyi. Nikapanga vigae juu ya kipande kimoja visigusane, nikaweka karatasi za gazeti, kisha kipande kingine cha jipsamu, kisha vigae tena, hadi safu nne au tano. Juu kabisa nikaweka tofali. Kila asubuhi nilibadilisha magazeti yaliyolowa na kugeuza vigae. Safu yote ilikaa kwenye chumba cha stoo, dirisha limefungwa, na kwa siku za mwanzo nilizungushia nailoni kingoni ili kingo zisitangulie.

Inachosha. Wiki ya kwanza hutaona mabadiliko yoyote na utajaribiwa kufungua dirisha. Msimu nao una neno: wakati wa masika vigae vilikaa vibichi hadi magazeti yakaota ukungu mweusi, ambao hauharibu udongo lakini unaharibu harufu ya stoo na maelewano na mwenye nyumba. Nyakati za kaskazi, joto likiwa kali, ilibidi niongeze nailoni. Kona zikishakuwa ngumu na kubadilika rangi, toa tofali, acha vigae vipumue kwa pamoja kwenye wavu wa seng'enge.

Kujua kama kigae kimekauka kweli, kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi bado kina maji, hata kama kinaonekana cheupe kabisa.

Huko ndiko nilikopoteza vingi. Nilipofika kwenye utaratibu wa jipsamu hasara ilishuka sana, ila haikuisha. Ukitaka vigae 64, tengeneza 90.

Moto, basi. Nilinunua pipa tupu la lita 200 kwa shilingi 45,000, nikalitoboa matundu ya hewa chini, na kulizungushia matofali ya kuchoma ndani. Hakikisha pipa halikubeba dawa za mashambani, na hata likiwa la mafuta lichome tupu kwanza, mbali na watu. Vigae hupangwa wima kwa ubavu, kwa nafasi ya kidole, wala havilazwi. Kilicholala joto linakipata chini kabla ya juu, na kitapasuka hata kama ulikikausha kwa mapenzi yote.

Saa za mwanzo ni za moshi tu. Nilitumia makumbi ya nazi na pumba za mpunga, moto mdogo wa kufukiza, kwa sababu kuna maji ndani ya udongo ambayo shavu halikuyasikia. Yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke usio na njia unalipua kigae. Utasikia. Kipimo changu ni kipande cha kioo: kishike juu ya tundu la moshi kwa koleo, kikipata ukungu ngoja, kikibaki kikavu ongeza kuni. Kuanzia hapo polepole hadi vigae viive rangi nyekundu ya kuonekana gizani, kisha ielekee machungwa. Ndiyo maana nachoma kuanzia alasiri, ili jua likizama nione rangi vizuri. Kwenye joto la nyuzi 573 mchanga uliomo ndani ya udongo hubadili ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Kwa hiyo baada ya kuzima, ziba matundu yote kwa udongo, ulale. Anayefunua pipa usiku kuchungulia atasikia vigae vikikatika mbele yake.

Majirani waarifu mapema. Mimi niliwaarifu wa kushoto na kulia, nikamsahau wa nyuma, na siku hiyo alikuwa ameanika mashuka meupe. Tumepatana, lakini ilinigharimu sabuni na mkungu wa ndizi.

Asubuhi gonga kila kigae kwa kifundo cha kidole. Kinacholia vizuri weka pembeni, kinachotoa sauti ya kufa kina ufa hata kama huuoni. Vilivyo na rangi hafifu vitumbukize kwenye ndoo ya maji hadi kesho yake: kikilainika hakikuiva, na kinaweza kurudi motoni kikishakauka.

Kubandika kulinigharimu mara mbili. Fundi wa kwanza alivipandisha vikavu. Kigae cha udongo kisicho na kioo usoni kinanyonya maji ya saruji kabla saruji haijashika, na wiki mbili baadaye safu ya juu ikaanza kuteremka moja moja kwenye sinki. Fundi wa pili, kijana mdogo tu, aliniambia, "Mama, hivi lazima vilale kwenye maji kwanza." Vilowekwe hadi visitoe mapovu tena, vifutwe, vibandikwe. Kabla ya kujaza mianya kwa saruji nyeupe, paka uso wa vigae kitu cha kuzuia, la sivyo saruji inaingia kwenye nakshi na samaki wanakuwa na upele usiotoka.

Mimi nilipaka nta ya nyuki, iliyoyeyushwa na kupakwa juu ya vigae vilivyokwisha kukauka ukutani na kupashwa joto kidogo kwa kikausha nywele. Nyuma ya sinki imekaa vizuri sana, rangi imekolea na maji yanateleza. Nyuma ya jiko la gesi haifai. Nta huyeyuka kwenye nyuzi sitini na kitu, hivyo kila nikikaanga vitumbua inalainika na kushika vumbi na mafuta. Safu ile niliikwangua na kupaka dawa ya dukani ya kuzibia mawe na matofali. Si nzuri kama nta, lakini inafutika.

Fedha: udongo wa bibi pamoja na kirikuu cha kuuleta ulifika shilingi 80,000. Muhuri wa nakshi 60,000 kwa mitatu. Jipsamu, nailoni, wavu na brashi kama 50,000. Pipa nimekwisha kulitaja. Kuni na makumbi peke yake zilizidi 150,000, kwa sababu pipa ni dogo na linataka kuwashwa tena na tena. Mafundi wawili sitaki hata kuwahesabu. Jumlisha na ulinganishe na bei ya boksi za vigae vya kawaida dukani kwenu, hutahitaji kalamu.

Sasa watu wanataka niwatengenezee vya sakafuni. Nimekataa. Pipa langu halifiki joto la kutosha kukifanya kigae kivumilie viatu na miguu ya meza, na sitaki kulaumiwa. Vya ukutani nakubali, kwa masharti: masika yawe yamepita, na kuni alete mwenye ukuta. Jirani wa nyuma, yule wa mashuka, ndiye wa kwanza kwenye orodha. Anataka yungiyungi bafuni, vigae 40, na tayari ameshusha mzigo wa makumbi kando ya pipa.